Kilo Sita za Kisioki

Kisioki nilimjua kwa kilo kabla sijamjua kwa jina. Msinicheke. Kazi yangu ilikuwa kusoma mizani kwenye ghala la mzee Gregori pale Korogwe, jirani na reli, miaka ile ya ruksa ambapo kila mwenye lori alikuwa amegeuka mnunuzi wa mahindi. Katikati ya wiki nilipima magunia. Jumamosi jioni, ghala likishafagiliwa, kocha Muhidini aliwaleta vijana wake wa ngumi za ridhaa wapimwe miili, kwa sababu klabu yao ilikuwa na glovu jozi mbili na mfuko wa mchanga, mizani hawakuwa nayo. Walipanda mmoja mmoja kifua wazi, mimi nikasukuma kile chuma mpaka mkono wa mizani utulie, nikasoma kwa sauti, Muhidini akaandika.

"Hamsini na nne na nusu," nilisoma siku ya kwanza alipopanda yeye.

"Hiyo nusu ishuke, daraja lako ni hamsini na nne," Muhidini akasema.

Yule kijana mrefu wa Kimasai hakumwangalia kocha. Aliniangalia mimi. "Dada, hujaegemea kweli?"

"Nikiegemea mimi, kaka, mizani ya watu itavunjika."

Akatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, akashuka. Usiku ule nililala nikiiona ile nusu kilo.

Basi nikampenda kwa namba, mwaka mzima na nusu. Pambano likiwa mbali alikuwa anafika kilo hamsini na sita, anacheka, ananisindikiza jioni mpaka karibu na kanisa. Pambano likikaribia anaanza kukausha, wenyewe wanaita hivyo. Anakimbia mchana na sweta, na mfuko wa mbolea ndani ya sweta. Anatema mate kwenye kopo. Maji hanywi, anafyonza limau. Na wiki hizo zote hanikaribii, anasema akiniona anasahau kazi iliyo mbele yake. Mimi nasubiri Jumamosi nisome kilo zake, ndiyo salamu yetu. Hamsini na tano na robo, maana yake hujambo. Hamsini na nne na robo tatu, maana yake nimekukumbuka. Nilikuwa nimegeuka mwendawazimu wa mizani.

Nyumbani nako kulikuwa na mama. Mama yangu Paulina ni Msambaa wa Bumbuli, mjane, mwanakwaya, na ni mtu anayekujua kwa unavyokula. Mgeni akivuka kizingiti chake anawekewa chakula, mama anaonja kwanza mbele yake ili asije akadhani kimetiwa kitu, kisha wanakula pamoja, ndipo mazungumzo yanaanza. Kisioki alikuwa amefika kwetu mara tatu. Mara ya kwanza aliinamisha kichwa ili mama amguse, ndivyo vijana wa kwao wanavyowaamkia wakubwa. Mama akadhani kaangusha kitu, naye akaanza kutafuta chini. Hilo tulilicheka wote. Lakini chai na maandazi hakugusa. Mara ya pili ugali na maharage, hakugusa. Mara ya tatu ilikuwa Krismasi.

"Anakausha uzito, mama," nikamtetea, kama nilivyomtetea zile mara mbili.

"Krismasi?"

"Ana pambano Januari."

"Mh," mama akasema, na ile mh yake naijua tangu nanyonya. "Fransisko alikuja jana. Alikula, akamaliza, akaomba na ukoko."

Fransisko alikuwa fundi cherehani wa Manundu, mtu mzima kidogo, mpole, mwenye vyerehani viwili. Sina neno baya la kumsema Fransisko. Sikumtaka tu.

Mwezi wa saba Kisioki akaanguka. Nilikuwa nimesoma hamsini na nne kamili, Muhidini amepiga makofi, na Kisioki akashuka kwenye mizani akapitiliza mpaka sakafuni. Nikachota maji kwenye ndoo nikammwagia usoni. Macho yalikuwa yamefumbwa, lakini ulimi ulitoka ukayalamba yale maji midomoni. Nikalia mbele ya vijana wote wale, sikuona aibu.

"Basi," Muhidini akasema, na yeye sauti ilikuwa imemkauka. "Umeshakuwa mtu mzima, mifupa imekataa. Daraja la hamsini na saba ni kujidanganya, mwakani nalo litakubana. Wewe unapanda sitini. Desemba, mashindano ya mkoa Tanga, unapigana kilo sitini. Kama hukuzifikisha, usije."

Kilo sita. Wengine walimpa pole, maana huko sitini kuna watu wenye ngumi nzito. Mimi nilifurahi kuliko bondia mwenyewe. Moyoni nilijua jambo moja tu, kwamba sasa atakula, na akila kwetu mama hatakuwa na la kusema.

*

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa mwezi wa tisa. Nilipotoka kanisani nilimkuta ng'ambo ya barabara, amevaa shuka lake jekundu na raba za mitumba, begi begani. Miezi miwili tangu aanguke uso ulikuwa umerudi rudi, lakini mfupa wa bega ulikuwa bado unaonekana pale shuka lilipoachia.

"Begi la nini?" nikamuuliza.

"Naondoka leo. Landrova ya Handeni ya saa kumi. Nakwenda nyumbani Mazingara."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Baba amekubali."

Nikasimama. Mzee Kuntai, baba yake, hakuwa amezungumza naye tangu asikie mwanawe anapigana ulingoni kwa kushangiliwa. Alisema ngumi ni kazi ya mtu asiye na fimbo. Alisema mbele ya watu kwamba mtoto wa namna hiyo hana.

"Amekubali nini?"

"Mama alimwendea, na wajomba nao. Ametoa dume la ng'ombe." Alivyolitaja lile dume, macho yake yalilegea. "Lile jekundu nililokuambia. Tunaingia porini vijana wanane wa rika langu. Tunachinja, tunakula nyama, tunakunywa supu ya magome ya miti, tunalala, tunarukaruka, tunakula tena. Miezi miwili. Kwetu tunaita orpul. Mtu anaingia mwembamba, anatoka hivi." Akapanua mabega, akanichekesha.

"Utapata kilo sita?"

"Nane. Muhidini atanifukuza nimezidi."

"Miezi miwili," nikasema. Mengine yote niliyasikia, lakini hilo ndilo lililobaki. "Utaniandikia?"

"Porini, Emiliana?"

"Sasa mimi Jumamosi nitampima nani?"

"Mahindi."

Tulicheka. Kicheko changu kilikatika mapema. Tukatembea mpaka kwenye kivuli cha miarobaini, na pale akapunguza mwendo, kama siku zote anapotaka kusema neno la maana.

"Baba akiniona nimetoka na nyama yake mwilini, atakuwa amenirudisha. Sasa nitaweza kumpelekea jambo jingine."

"Jambo gani?"

"Unalijua."

"Silijui. Litaje."

Hakulitaja. Aliniangalia tu, kwa yale macho yake marefu, na mimi nikaangalia raba zake. Wenzangu wanasema Wamasai hawajui mapenzi ya maneno. Mimi nasema, mtu akikuangalia hivyo barabarani mchana, maneno ya nini? Ila kusema kweli niliyataka.

"Haya, twende, mama anakusubiri," nikasema ili nisilie.

"Mama? Mimi nilikuja kuaga."

"Utaaga umeshakula. Amenunua paja zima la mbuzi. Nimemwambia umepanda uzito, jana yote anahangaika sokoni. Anasema Mmasai gani atakataa mbuzi."

Akasimama kabisa. "Mbuzi," akarudia.

"Hupendi?"

"Napenda." Akahamisha begi bega hili kwenda lile. "Emiliana, sikiliza..."

"Utanieleza njiani. Chakula kinapoa."

Njiani nikaongea mimi. Ndiyo tabia yangu mbaya, nikiwa na furaha ama huzuni siachi nafasi ya mtu kuingiza neno. Nilimweleza habari za kwaya, za paka wa mzee Gregori, za kila kitu. Alikuwa anaitikia tu, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kupimwa.

*

"Shikamoo mama," alisema mlangoni, akainamisha kichwa.

Safari hii mama alijua. Aliweka kiganja juu ya nywele zake, akakiacha pale kidogo. "Marahaba mwanangu. Karibu ndani. Nasikia umeongezwa kilo."

"Ndiyo mama."

"Basi leo hakuna kisingizio."

Alisema kwa kucheka, alikuwa amejaa furaha kabisa siku ile. Alikuwa ametandika kile kitambaa cha meza cha maua ambacho hutoka kwenye sanduku siku ya Pasaka. Ugali ulikuwa unafuka, nyama imejaa bakuli na supu yake, mboga ya mchunga pembeni. Nikaleta jagi na beseni, nikammwagia Kisioki maji mikononi. Vidole vyetu viligusana ndani ya maji, akaviacha pale muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kunawa.

Mama akasali. Akamega tonge, akachovya, akala mbele yake, akachukua na kipande cha nyama akala. "Karibu mwanangu. Kula ushibe, una safari."

Kisioki hakusogea.

"Kula bwana," nikamnong'oneza. "Anakutazama."

"Mama, nashukuru sana," akasema. "Nimeshiba."

Sijui kama mmewahi kuona furaha inavyotoka usoni kwa mtu mzima. Mama alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Umeshiba. Mtu anayetafuta kilo sita ameshiba."

"Samahani mama."

"Hii ni mara ya nne. Sikulazimishi, ila leo useme ukweli ndani ya nyumba yangu. Sisi wachafu?"

"Hapana mama."

"Unaogopa uchawi? Nimeonja, umeniona."

"Nimekuona."

"Basi ni dharau. Na mtu anayemdharau mama hawezi kumheshimu mtoto."

"Mama, si dharau." Aliviweka viganja vyote viwili mezani, bado vina maji. "Mimi ni morani. Tangu nilipotahiriwa, mwaka wa tano sasa, siwezi kula nyama iliyoonwa na mwanamke, wala kula chochote mwanamke akinitazama. Wala peke yangu siwezi, lazima awepo mwenzangu wa rika. Hapa mjini nakula na Keriako, mwenzangu wa rika anayelinda ghala, kule nyuma. Mama aliyenizaa, Naitoi, hajaniona nikitafuna miaka mitano. Yeye anafurahi, anajua nimekua. Si dharau, mama. Kwetu ndiyo heshima."

Mimi ndiye niliyejibu, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Kwa hiyo si uzito."

"Uzito ulikuwepo."

"Kisioki."

"Si uzito," akakubali.

"Mwaka na nusu namwambia mama unakausha. Krismasi nimesimama hapa hapa nakutetea, pilau inapoa, nasema ana pambano, ana pambano. Ukaniacha niseme?"

"Ulisema wewe. Mimi sikukukatalia."

"Ndiyo nasema, ukaniacha niseme uongo wako. Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mtu wa kufichwa?"

"Kwa sababu ungeniuliza mwisho wake ni lini."

"Haya, mwisho wake ni lini?"

Akainama. Alianza kuongea na kitambaa cha meza. "Wazee wakiliachilia rika letu. Siku hiyo kila mmoja analishwa nyama na mkewe, anakula anatazamwa. Mwanamke anayekutazama ukila, ndiye mkeo." Sasa akainua macho, na yalikuja kwangu moja kwa moja. "Ningekueleza hilo, Emiliana, ningekuwa nimekuposa. Na sina ruhusa ya baba ya kukuposa. Ndiyo ninayokwenda kuitafuta."

Nilikuwa na hasira, nakiri. Na katikati ya ile hasira nikajikuta nataka kucheka, nataka kulia, nataka kwenda uani nikashike ukuta. Yale maneno niliyoyatamani kule kwenye miarobaini yalikuwa yamesemwa, na yamesemwa mbele ya mama, juu ya bakuli la mbuzi.

"Mama," nikasema, "twende jikoni, tumwache ale."

"Nitoke mezani kwangu nimwachie mgeni chakula peke yake?" mama akasema. "Kwetu tunamwachia hivyo mtu tunayemwogopa. Nilale nalo hilo?"

"Na haisaidii," Kisioki akasema taratibu. "Nyama umeipika wewe mama. Imeshaonwa."

Mama yangu si mtu wa hasira za kupiga kelele, akili yake inafanya kazi, unaiona. Akalisogeza bakuli mbele, likagusa vidole vya Kisioki.

"Nimekuelewa," akasema. "Kula mbele ya mwanamke ni kumwoa. Vizuri. Emiliana huyo hapo, anakutazama. Basi kula."

"Mama..." nikaanza.

"Wewe nyamaza. Naongea na mwanamume. Kama unamtaka mtoto wangu, tonge moja tu, na mimi nitakuwa mama yako kuanzia sasa hivi, sina haja ya mahari, ya dume wala jike. Habari za Fransisko nitazimaliza kesho asubuhi. Na kama tonge moja linakushinda leo, utamweza huyu miaka arobaini?"

Jua la saa nane lilikuwa linaingia mlangoni. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombea mpira. Kisioki alilitazama lile bakuli kama ambavyo sijawahi kumwona anamtazama mpinzani.

"Ukila," nikamuuliza, "kwenu watakufanya nini?"

"Wenzangu hawatakula tena na mimi. Orpul haitakuwepo. Dume litabaki zizini."

"Na kilo sita?"

Aliangalia begi lake.

"Na baba yako?"

"Baba alishasema mara moja hana mtoto. Safari hii hatasema, atanyamaza tu."

"Nani atawaambia?" mama akasema. "Tuko watatu humu."

"Mtu akiingia porini, wenzake wanamuuliza, mama. Sisi hatuongopeani."

Ndipo akanigeukia. Nimetazamwa na watu wengi maishani, na wengine walisema maneno matamu kuliko yeye. Sijawahi kutazamwa vile. Alikuwa ananiuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, macho yangu yalimjibu kula. Nilitaka ale. Nilitaka yaishe, mizani iishe, Jumamosi ziishe, kusubiri kuishe, awe wangu pale pale mchana ule na mama shahidi. Moyo wote ulisema kula.

Akauona mwitikio wangu. Akamega tonge. Akalifinyanga polepole, akalichovya kwenye supu, akaokota kipande cha nyama akakiweka juu yake. Ule mkono nimeuona ulingoni Tanga, nimeuona unangoja kengele mbele ya mtu aliyemzidi kifua, haukutetemeka. Sasa ulikuwa unapanda kutoka sahanini unatetemeka mpaka supu inadondoka kwenye maua ya mama. Nyuma ya ule mkono niliuona mfupa wa bega. Nikaikumbuka sauti yake aliposema baba amekubali, alivyosema kama mtoto aliyerudishiwa nguo zake.

Nikamshika kiwiko. Tonge likaanguka mezani.

"Hali," nikasema.

"Emiliana," mama akasema.

"Hali, mama." Nikavuta sahani mbele yake, nikavuta na bakuli, nikasimama navyo.

"Unamnyang'anya mgeni chakula? Mezani kwangu?"

"Namnyang'anya."

Kwa Wasambaa hakuna aibu inayozidi hiyo, nilijua wakati naifanya. Nilivipeleka jikoni nikaviweka chini, nikavifunika. Niliporudi, Kisioki alikuwa amesimama, begi begani, na mama alikuwa anakunja kitambaa chake cha Pasaka.

Alikikunja kwanza mara mbili, akanipasha kwa Kisambaa, taratibu, bila kuniangalia. Alisema mjomba wa Fransisko ameomba waje Jumapili ijayo na barua ya posa, kwamba alikuwa hajawajibu kwa sababu yangu, na kwamba sasa atawajibu. Alisema nimemtoa mwanamume tonge mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nisimlilie.

"Ndiyo mama," nikasema.

Kisioki alimwinamishia kichwa. Mama alikaa na kitambaa chake mkononi, akakawia mno. Mwisho akamgusa, kwa ncha za vidole tu. Basi.

*

Stendi ilikuwa imejaa. Landrova ilishapakiwa magunia juu na kuku chini ya viti, na utingo alikuwa anamwambia kila mtu nafasi ipo. Tulisimama kwenye kivuli cha kibanda cha mikate. Sikuwa na maneno, hebu fikirini, mimi.

"Mama amesema nini pale mwisho?" Kisioki akauliza. "Kwa Kisambaa."

"Amekutakia safari njema."

"Maneno yote yale?"

"Kisambaa kina maneno marefu."

Akacheka, akaamini. Mtu asiyeongopa na wenzake huamini haraka, nikaliona hilo siku hiyo, likaniuma.

"Wazee wamesema wataliachilia rika letu mwakani," akasema. "Masika yakiisha. Nitapigana Desemba, nitarudi kwa baba na mwili huo, nitasema jina lako. Masika yakiisha utanilisha wewe, mbele ya watu wote. Mama yako tutamleta, naye atazame. Utaningoja?"

"Nenda kanenepe."

"Sikuuliza hilo."

Masika yakiisha. Mimi nilikuwa na siku saba. Ningemwambia, asingepanda ile gari, namjua. Angerudi nami nyumbani, angekaa pale mezani, angelitafuta lile tonge.

"Nitakungoja," nikasema.

"Hakuna mtu anakuja kukuposa?"

"Nani anitake, na mdomo huu."

Utingo akapiga bati mara mbili. Handeni, Handeni, tunaondoka. Kisioki alitupa begi ndani, akaweka mguu kwenye chuma cha kupandia, kisha akaushusha tena. Akanisogelea karibu kuliko alivyowahi kunisogelea mbele za watu. Nilisikia harufu ya moshi na mafuta ya ng'ombe kwenye shuka lake.

"Ulitaka nile," akasema. "Nilikuona."

"Nilitaka."

"Sana?"

"Sana. Sijawahi kutaka kitu hivyo."

"Sasa kwa nini ulinishika mkono?"

"Kwa sababu ungekula."

Alibaki ananitazama. Alinishika kile kiwiko changu, mahali pale pale nilipomshika yeye, akakibana mara moja, akapanda.

Alikaa nyuma kabisa, kwa hiyo aliondoka ameniangalia. Nilitabasamu. Nilitabasamu na kupunga mkono mpaka Landrova ikakata kona na vumbi likashuka, kisha nikakaa kwenye gunia la mtu, nikajiinamia. Mama mmoja muuza ndizi akaja akaniinamia, akaniuliza mwanangu unaumwa. Nikamwambia ndiyo mama, naumwa. Huyo peke yake ndiye ambaye sikumdanganya siku ile.